Kurasa Kumi na Sita

Mtaani kwao walimwita Bi Kitabu, na usidhani walimwita hivyo kwa heshima. Jina lilitoka kwa mwenye duka la kona, siku mwanamke huyu alipomwomba aweke nakala tatu za riwaya yake juu ya kaunta, kati ya mizani na boksi la viberiti. Nakala zikakaa pale mpaka majalada yakapauka kwa jua, na mwenye duka akawa kila akimwona anapita anapaza sauti: "Bi Kitabu! Wanao bado wapo, hawajapata wachumba!" Watu wakacheka, jina likanata.

Kwa kazi alikuwa karani wa idara ya maji, dawati la malalamiko. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye dawati lile akiwaandikia watu barua za kuwaeleza kwa nini maji hayatoki na ni lini yanatarajiwa kutoka. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache lakini yenye pilipili, alikuwa akisema kwamba hapo ndipo mkewe alipojifunza kutunga hadithi.

Riwaya yenyewe ilikuwa moja tu, yenye umri wa miaka miwili. Kila palipotangazwa tamasha la vitabu, au usomaji maktabani, au hata kikao cha chama cha walimu kilichohitaji mtu wa kujaza nusu saa kabla ya chai, yeye alikwenda. Likizo yake ya mwaka aliikata vipande, siku mbili huku, siku moja kule, na mumewe akampakia maboksi ya vitabu nyuma ya gari lake la kazi, katikati ya mitungi ya gesi na milango ya majokofu iliyong'oka.

Tamasha la vitabu, kwa asiyelijua, ni jambo lenye huzuni kuliko jina lake. Kuna ukumbi wenye viti vya plastiki vingi kuliko watu. Kuna kipaza sauti kinachopiga mluzi. Kuna mgeni rasmi anayechelewa saa mbili, anasema kusoma ni ufunguo wa maisha, kisha anaondoka bila kununua hata kijitabu. Wasikilizaji ni waandishi wengine wanaosubiri zamu zao, jamaa wawili watatu waliolazimishwa, na mtu mmoja aliyeingia kuchaji simu. Waandishi hununuliana vitabu kwa adabu, kila mmoja anarudi kwake na mzigo uleule wa karatasi, ila majina tofauti.

Naye kila alipopanda jukwaani alisoma sura ya kwanza. Ilikuwa sura ya kuchekesha. Mama wa riwaya, akiwa bado binti, anaiba baiskeli ya mjomba wake ili ajifunze kuendesha, breki zinakataa mteremkoni, na anaingia nayo moja kwa moja kwenye harusi ya watu asiowajua. Sura hiyo alikuwa ameisoma mara nyingi mpaka akajua wapi pa kupunguza sauti, wapi pa kuinua nyusi, na wapi pa kunyamaza ili watu wacheke. Walicheka kweli. Kisha walipiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Lakini kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili ya wanywaji chai. Kiliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwahi kutia mguu kwenye tamasha hata moja, ingawa kila mara mwandishi aliweka mkoba wake juu ya kiti cha mstari wa mbele ili kisikaliwe. Mtu huyo alikuwa dada yake, mkubwa wake kwa miaka sita, fundi cherehani wa sare za shule.

Kisa chao ni kifupi. Miaka mitano nyuma, mwandishi alipata nafasi kwenye warsha ya waandishi katika mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Wiki mbili za kula, kulala na kuandika, nafasi ambayo wenzake waliililia. Ijumaa ya wiki ya kwanza Dada alimpigia simu: mama amelazwa, njoo. Akasema, "Nakuja Jumapili ijayo, warsha inakwisha." Baada ya hapo alipiga simu kila jioni, na kila jioni Dada alimjibu, "Yuko vilevile." Naye akajisemea kwamba vilevile si vibaya sana. Siku ya tisa, Jumamosi, mama akafariki. Alifika siku ya mazishi, vumbi la safari bado miguuni, akasimama mbele ya waombolezaji akaeleza jinsi mama alivyoondoka kwa amani. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akaingia jikoni. Tangu siku hiyo wakawa watu wa salamu tu. Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Neno "nisamehe" lilimkaa kooni miaka mitatu. Kila alipokwenda kwa Dada alilikuta pale pale, na kila aliporudi alirudi nalo. Mwisho akafanya alichokiweza: aliliandika. Riwaya nzima, baiskeli na harusi na vichekesho vyote, ilikuwa njia ndefu ya kufika sura ya kumi na moja, sura ya siku tisa za hospitali. Humo alimweka Dada kama alivyokuwa, na mdogo mtu kama alivyokuwa, na mwishoni mdogo mtu anapiga magoti na kusema yote. Aliandika sura ile akilia, akaihariri akilia, akaipeleka kwa mchapishaji, na hakuitazama tena.

Nakala ya kwanza kabisa aliipeleka kwa Dada, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Dada akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante. Nikipata nafasi nitakisoma." Miaka miwili ikapita. Hakusema kimempendeza wala kimemchukiza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwandishi akawa anausubiri mshindo, roho juu juu, kila simu inapolia. Haukuja. Akaelewa hivyo alivyoweza kuelewa: Dada amesoma, na amekataa. Hata hivyo mkoba uliendelea kushikilia kiti, maana mtu akishazoea kungoja, kuacha nako ni kazi.

Basi likaja tamasha la mwaka huu, katika ukumbi wa maktaba alimosoma mwaka jana. Mwendesha mjadala, mwalimu mstaafu aliyekuwa na kumbukumbu nzuri kupita kiasi, alimkaribisha akasema, "Ile ya baiskeli tulishaisikia, mpendwa wetu, na tulicheka sana. Leo tusomee ya ndani. Tusomee pale mama anapougua."

Watu wakaitikia. Naye, sijui ni uchovu au ni ushujaa, akasema, "Haya. Sura ya kumi na moja. Sijawahi kuisoma mbele za watu."

Akafungua kitabu. Hapa lazima niseme jambo kuhusu waandishi, na wao wenyewe watanisamehe: wengi hawasomi vitabu vyao vikishachapwa. Wanaogopa. Mtu akifungua, jicho lake litakwenda moja kwa moja kwenye kosa, na kosa lililochapwa halifutiki. Bi Kitabu alikijua kitabu chake kwa kukibeba. Kukisoma, hakuwahi kuvuka ukurasa wa ishirini.

Alisoma vizuri mpaka chini ya ukurasa wa mia na kumi na mbili: "Muuguzi akawaonyesha kitanda. Dada mtu akaweka kikapu chini, akamfunika mama shuka, akakunja mikono ya gauni lake, na" — akahamia ukurasa wa kulia — "akaanza kuosha vyombo vya watu waliokuja kuzika."

Akarudi nyuma. Namba ya ukurasa wa kushoto ilikuwa mia na kumi na mbili, ya kulia mia na ishirini na tisa. Akachukua nakala nyingine mezani. Ilikuwa hivyohivyo. Akachukua ya tatu, ya nne, akawa anazifungua na kuzitupa kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya droo. Siku tisa zote hazikuwemo. Zilikuwa zimeingia ndani ya mkunjo wa gauni, mama ameingia hospitali mzima wa kusema, na kwa neno moja la "na" ameshazikwa.

"Mnaona?" mwendesha mjadala akasema taratibu, akidhani ni sehemu ya onyesho. "Mnaona jinsi maumivu yanavyomzuia kuendelea?" Ukumbi ukapiga makofi marefu kuliko ya baiskeli.

Akampigia mchapishaji simu akiwa amesimama nje, kando ya pipa la taka. Mchapishaji alikwenda kuchungulia ghalani, akarudi akihema. Kitabu, alieleza, hushonwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita kumi na sita. Fungu moja halikuwekwa. Si kwenye nakala moja, kwenye zote.

"Miaka miwili!" mwandishi alisema. "Miaka miwili na hakuna aliyelalamika?"

"Hakuna hata mmoja," mchapishaji akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona ajali. "Tumshukuru Mungu."

Fikiria jambo hilo. Mhakiki wa gazeti alikuwa ameandika kwamba kifo cha mama "kimesimuliwa kwa ustadi, bila neno la ziada," na yeye alikuwa amekata kipande hicho cha gazeti akakitia kwenye fremu. Kamati ya tuzo ya mkoa ilimpa cheti. Mkuu wake wa kazi alimwambia alilia aliposoma pale pa hospitali. Jirani alisema alisoma usiku kucha hakulala. Wote hao, na hakuna aliyekwama kwenye shimo la kurasa kumi na sita. Mtu huanguka shimoni akiwa anapita njia. Hawa hawakupita.

Njiani kurudi, alimgeukia mumewe. "Na wewe? Wewe ulisema umekisoma."

Fundi wa majokofu alibadili gia. "Nilisema nimefika mbali," alisema. "Nilifika arobaini. Mke wangu, mimi nikisoma nasinzia, hata maelekezo ya kompresa nasomewa. Usinihesabu mimi."

Hakumkasirikia. Kwa kweli hakumsikia vizuri, kwa sababu ndani yake kulikuwa kumeanza kuchemka jambo jingine, jambo ambalo hakuwa amelionja kwa muda mrefu. Dada hakukataa! Angekataaje kitu ambacho hakikuwemo? Miaka miwili alijitesa kwa hukumu ambayo haikuwahi kutolewa. Ombi lenyewe halikufika. Alianza kucheka ndani ya gari, kisha akalia, kisha akacheka, na mumewe akapunguza mwendo, mkewe asije akafanya jambo.

Jumatatu hakwenda kazini. Alichapisha kurasa zilizokosekana kwenye duka la kutoa nakala, akazibana na pini, akavaa vizuri, akaenda kwa Dada asubuhi.

Chumba cha kazi cha Dada kilikuwa kama kawaida yake wiki chache kabla shule hazijafunguliwa: marobota ya kitambaa cha buluu hadi dirishani, kola zimepangwa kama sahani, uzi umetapakaa sakafuni, redio inaongea peke yake. Dada alikuwa amekaa kwenye cherehani, miwani puani, pini tatu mdomoni. Alizitoa pini kwanza, akazichomeka kwenye mto wake wa mkononi, ndipo akaitikia hodi.

"Karibu. Hukwenda kazini?"

"Nimeomba ruhusa. Dada, nataka kukuuliza kitu. Kile kitabu. Ulikisoma?"

Dada aliendelea kulaza kitambaa chini ya sindano. "Nilikisoma."

"Chote?"

"Mara mbili."

Mwandishi alishikilia ukingo wa meza. Kati ya watu wote duniani, mmoja alikuwa amesoma. Na alikuwa huyu.

"Nilikuwa nazitafuta zile siku za hospitali," Dada alisema. Alisema bila hasira, kama anavyosema mtu anayeeleza vipimo. "Nilipofika pale nakunja mikono ya gauni, nikasema sasa ndiyo hapa. Nikavuka ukurasa, nikajikuta naosha vyombo vya mazishi. Nikasema labda kaziweka mbele, waandishi wana mambo yao. Nikasoma mpaka mwisho. Nikarudia kutoka mwanzo. Hakuna. Nikasema, haya. Hata kwenye kitabu hakuja."

"Dada, ni mashine! Haki ya Mungu ni kosa la mtambo. Waliruka fungu zima. Niliziandika, siku zote tisa, niliziandika. Hizi hapa." Akaziweka kurasa juu ya meza, juu ya kitambaa kilichochorwa chaki. "Hakuna aliyegundua. Ni wewe tu."

Dada alizitazama zile karatasi. Kitu fulani kililegea usoni mwake, na kwa muda huo mfupi alifanana na msichana aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni kumvusha mfereji. Akazima redio.

"Nisomee," alisema. "Macho yangu yana kazi ya sindano."

Akasoma. Siku ya kwanza, siku ya pili. Kufikia siku ya tatu alijisikia mwenyewe: alikuwa anapunguza sauti pale penye huzuni, ananyamaza kidogo baada ya sentensi nzuri. Ilikuwa sauti ya ukumbini. Alijaribu kuiacha akashindwa, hakuwa na nyingine ya kusomea. Dada alishona kola moja, ya pili, ya tatu. Siku ya tisa, kama ilivyoandikwa, mama aliamka asubuhi, akatazama mwanga dirishani, akatabasamu, akalala bila kumuuliza mtu kitu. Kisha mdogo mtu akaja, akapiga magoti, akasema maneno yote yale. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara hizo hakuwa anaigiza.

"Umemaliza?" Dada aliuliza.

"Nimemaliza."

"Mama hakulala hivyo." Dada alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa gauni. "Alikuwa anakuulizia wewe. Asubuhi, mchana, jioni. Sauti yenyewe ilikuwa imekwisha, anauliza kwa midomo. Siku ya kwanza nikamwambia uko njiani. Siku ya pili nikamwambia basi limeharibika. Ya tatu nikasema daraja limekatika, mnangoja maji yapungue. Ya nne nikasema umepata gari lingine. Nilikuwa natunga, mimi nisiyejua kutunga, na yeye ananisikiliza kama mtoto, anataka kujua umefika wapi. Siku ya mwisho sikuwa na njia nyingine tena. Nikamwambia umeshafika, uko getini unaandikisha jina. Akageuza macho mlangoni. Akafa anaangalia huko." Akairudisha miwani. "Hilo limo humo?"

Mwandishi alitazama karatasi zake, akazifunua, ya kwanza, ya pili, kana kwamba huenda alikuwa ameliandika akasahau.

"Halimo, Dada."

"Halimo."

"Sikujua. Dada, nisamehe." Neno lilitoka hivyo hivyo, dogo, halina magoti wala mwanga wa dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo wake, na alingoja.

Dada aliingiza uzi kwenye sindano. Alikosa mara moja, akaulamba ncha, akaupitisha.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa toa karatasi zako hapo juu ya kitambaa. Nataka kukata."